Usaili wa uuguzi: simulia ulichokifanya kwa mkono wako

"Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa diploma. Nilifanya kazi wodini miaka sita, kisha nikaacha kwa miaka minne nikimuuguza mama yangu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, hadi Mungu alipomchukua. Sasa natafuta kazi tena. Nimefanya usaili mara mbili na mara zote mbili nimekosa. Mara ya kwanza waliniuliza kosa nililowahi kulifanya kazini, nikajibu sijawahi. Mara ya pili waliniuliza nikimkuta mzee ameanguka chooni nitafanya nini. Nikasema tutampa huduma ya kwanza na kumwita daktari. Wakauliza, 'Halafu?' Nikakwama. Baada ya wiki mbili nina usaili mwingine, kwenye makao ya wazee. Nimeandika majibu ya maswali arobaini na ninayakariri kila usiku, lakini nikikaa mbele ya watu watatu kichwa kinabaki kitupu. Je, ile miaka minne niifiche? Au niachane na uuguzi kwa sasa, niombe kwanza kazi ya msaidizi wa kulea wazee?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mama, na pole kwa kurudi mikono mitupu mara mbili.

Nimekaa upande ule wa meza unaokutisha kwa miaka mingi, kwanza nikiwa msimamizi wa wodi, kisha wa makao ya wazee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ninachokiona ni mtu anayeijua kazi lakini anajibu kama yuko kwenye mtihani wa chuo. Hapo ndipo unapopotea. Jopo linapokuita limeshaona cheti chako na leseni yako. Linalotaka kujua ni hili: saa nane za usiku, daktari hayupo, mwenzako wa zamu yuko chumba kingine, mzee mmoja hali yake inabadilika. Utaanza na nini, utafuata na nini, na utamwambia nani? Karibu kila swali utakaloulizwa linazunguka hapo, hata lile la "hebu tueleze habari zako".

Acha nikufunulie kinachotokea kwenye karatasi zile wanazoandika huku unaongea. Mahali pengi kila msaili ana fomu yenye maswali yale yale kwa waombaji wote, na chini ya kila swali kuna mambo yanayotakiwa kusikika, kila moja na alama yake. Kwa mzee aliyeanguka, fomu yangu ilikuwa na mambo kama manane. Ukisema "tutampa huduma ya kwanza na kumwita daktari", naweza kukupa alama ya daktari tu. Yale mengine saba huenda yote yapo kichwani mwako, lakini siruhusiwi kukukisia. Yule aliyekuuliza "Halafu?" hakuwa anakutega, mwanangu. Alikuwa anakutafutia alama, na wewe ukadhani umekosea.

Tatizo la pili limo kwenye neno lako moja: "tutampa". Tumelelewa tusijisifu, kwa hiyo hata tukisimulia kazi tuliyoifanya peke yetu tunasema tulimpima, tukamgeuza, alipewa dawa. Nyumbani hiyo ni adabu. Kwenye usaili inakufuta, kwa sababu msaili hajui ni nani alimpima na nani alisimama pembeni akitazama. Sema "mimi". Kama ni tukio lililokwisha kutokea, lugha yetu yenyewe itakubeba: fungua na "nili", kisha endelea na "nika". Nilimkuta amelegea, nikamwita, nikahesabu pumzi zake, nikabonyeza kengele. Ukishika "nika" huwezi kuruka hatua bila wewe mwenyewe kusikia pengo.

Turudi chooni kwa yule mzee. Nitakuandikia namna ambavyo mimi ningejibu. Usikariri, sikiliza mpangilio tu.

"Nitaangalia kwanza kama sakafu ina maji, nisije nikaanguka naye. Nitapiga magoti, nitamwita kwa jina, nitaona kama anaitika na kama anapumua sawasawa. Sitamwinua. Nitabonyeza kengele kumwita mwenzangu. Nitamuuliza anaumia wapi, nitatazama kichwa na shingo, kisha miguu: mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umelalia upande wa nje, nitashuku nyonga imevunjika, na hatasogezwa mpaka watu wa gari la wagonjwa wafike. Nitampima mapigo, presha, upumuaji, joto, oksijeni na sukari. Nitafungua chati ya dawa kuona kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, maana kama amejigonga kichwa anaweza kuvuja damu ndani polepole huku saa za mwanzo akionekana mzima. Nitamjulisha daktari na msimamizi, kisha familia yake kwa utaratibu wa makao. Nitaandika nilichokiona na saa niliyokiona. Mwisho nitatafuta sababu ya kuanguka: dawa mpya ya presha, viatu vinavyoteleza, taa iliyoungua, au haja ndogo inayomwamsha kila saa."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo waombaji wengi hawafiki. Wanaishia kwa daktari. Lakini mzee aliyeanguka leo anaweza kuanguka tena kesho kama lililomwangusha bado lipo, na msaili akikusikia unalitafuta anajua amempata mtu anayefikiri mpaka zamu inayofuata.

Wakikuuliza utamwambia nini daktari kwenye simu, pia kuna mpangilio. Wauguzi sehemu nyingi duniani hufundishwa kutoa taarifa kwa hatua nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, na unachoomba. Hivi: "Daktari, mimi ni muuguzi wa zamu. Mzee wa miaka 82 ameanguka chooni dakika kumi zilizopita. Anatumia warfarini. Ana uvimbe kisogoni, presha 150 kwa 90, anaitika lakini amechanganyikiwa kuliko kawaida yake. Nina wasiwasi anavuja damu kichwani. Naomba idhini apelekwe hospitali sasa hivi." Haichukui nusu dakika. Sehemu ambayo wauguzi wengi huiacha ni ya nne. Wanatoa taarifa halafu wananyamaza, wakingoja daktari akisie wanataka nini. Omba.

Sasa lile swali la kosa, ambalo naona limekuumiza zaidi. Ulidhani wanatafuta mtu asiye na doa. Kumbe jibu lako liliwatisha. Muuguzi aliyekaa wodini miaka sita na kusema hajawahi kukosea, ama hayaoni makosa yake ama anayaficha, na wote wawili ni hatari kwa mgonjwa. Kuna mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, ambaye mwaka 1990 alieleza kwamba madhara makubwa huwa hayatokani na mtu mmoja mzembe. Kila kinga tuliyoiweka ina tundu lake: chati inayosomeka vibaya, zamu yenye watu pungufu, chupa mbili za dawa zinazofanana. Madhara humfikia mgonjwa siku matundu hayo yanapokaa mstari mmoja. Mtu anayeripoti kosa lake mapema anatuonyesha tundu kabla halijaua mtu. Ndiye tunayemtafuta.

Nakumbuka binti mmoja aliyekuja kwenye usaili wangu, sauti yake ikitetemeka mwanzoni. Alisimulia kwamba wodini walikuwepo wanaume wawili wenye jina moja, na akampa mmoja wao dawa ya presha ya mwenzake. Alibaini alipofungua jalada la pili. Akasema: "Nilirudi kitandani kwake, nikampima presha, nikamwita msimamizi nikiwa bado nimesimama pale. Nikampigia daktari. Nikamweleza mgonjwa mwenyewe nilichomfanyia. Nikampima kila robo saa mpaka daktari aliporidhika, nikaandika kwenye jalada vile ilivyokuwa." Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Tangu siku ile hamuulizi mgonjwa "wewe ndiye fulani?", kwa sababu mzee asiyesikia vizuri huitikia kila kitu kwa kichwa. Anamwomba ataje jina lake mwenyewe na tarehe ya kuzaliwa, kisha analinganisha na utepe wa mkononi. Tulimwajiri.

Tafuta la kwako la namna hiyo. Liwe la kweli, liwe lako na si la mwenzako, na liwe limebadilisha namna unavyofanya kazi hadi leo. Usilete kosa la bandia kama "najituma kupita kiasi", tumelisikia mpaka limechuja. Na usilete kosa ambalo mwisho wa hadithi yake ni lawama kwa daktari au kwa kituo ulichotoka. Kama una jambo zito lililowahi kuchunguzwa na baraza la wauguzi, basi hilo ni suala jingine: fomu ya maombi ikiliuliza, lijibu kwa ukweli, na ujiandae kulieleza kwa utulivu. Likigunduliwa baadaye utakuwa umepoteza kazi kwa kuficha, wakati pengine usingeikosa kwa kusema.

Kuhusu kichwa kubaki kitupu. Si udhaifu wako, ni mwili unavyofanya kazi. Ukiogopa, moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, na ile sehemu ndogo ya akili inayoshika mambo ya dakika hii inajaa hofu. Majibu arobaini uliyoyakariri neno kwa neno ni kama shanga kwenye uzi: likipotea neno moja, zote zinamwagika. Tukio uliloliishi halimwagiki hivyo. Ukilipoteza neno unatazama tena ile picha kichwani, kitanda kilikuwa wapi, nani alikuwa mlangoni, unaendelea. Kwa hiyo yaweke pembeni yale madaftari. Chagua matukio sita ya kweli: mgonjwa aliyebadilika ghafla, kosa lako, ndugu wa mgonjwa aliyekuja juu, mwenzako mliyetofautiana, mgonjwa aliyekataa huduma, na kifo ulichokisimamia vizuri. Matukio sita hayo, ukiyageuza huku na kule, yatajibu maswali mengi kuliko unavyodhani.

Na uyasimulie kwa sauti. Kusoma kimyakimya kunakudanganya, unaona umeelewa kwa sababu maneno yako mbele yako. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi maandishi. Wengine wakayasoma tena na tena, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Mtafute ndugu au rafiki, hata asiyejua uuguzi, umpe kazi moja tu: kila unaponyamaza, akuulize "Halafu?" Mpaka neno hilo likome kukushtua.

Siku yenyewe ukikwama, sema, "Naomba nifikiri kidogo." Hakuna aliyewahi kupunguziwa alama mbele yangu kwa sekunde kumi za kimya. Shusha pumzi taratibu, ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Kama swali hukulielewa, omba lirudiwe. Na kama jibu hulijui kabisa, sema hujui, kisha sema ungemuuliza nani na ungefanya nini kumlinda mgonjwa wakati unangoja jibu. Jibu hilo lina alama zake. Kubahatisha kipimo cha dawa kunakufukuzisha pale pale.

Miaka minne usiifiche hata kidogo. Tarehe kwenye wasifu wako zitaisema, na pengo lisiloelezwa humfanya msaili ajaze mwenyewe, naye hujaza vibaya. Ieleze kwa sentensi chache, bila kuomba radhi: ulimuuguza mzazi aliyepooza, amefariki, sasa umerudi. Halafu waonyeshe muuguzi alikuwa anafanya nini mle chumbani. Ulimgeuza kila baada ya muda gani? Ulikagua kisigino na mfupa wa chini ya mgongo, mahali vidonda vya mgandamizo vinapoanzia? Ulimlishaje mtu ambaye nusu ya koo haimtii? Ukisema, "Nilimketisha wima, nilimpa kijiko kidogo nikingoja ameze, na baada ya chakula nilimwacha ameketi nusu saa ili chakula kisipande na kuingia kwenye mapafu," kila aliyewahi kulea wazee atainua macho kutoka kwenye karatasi. Kama alipata kidonda, sema alipata na useme ulifanya nini.

Ila usivuke mpaka. Usiseme kumlea mama ni sawa na kushika zamu. Ulikuwa na mgonjwa mmoja unayemjua tangu uzaliwe. Huko utakuwa na wengi, kila mmoja na chati yake ya dawa. Kiri tofauti hiyo wewe kabla hawajakuuliza, kisha useme ulichofanya kujirudisha. Na hapa lazima uwe umefanya kitu kweli. Kabla ya wiki hizi mbili kwisha, hakikisha leseni yako iko hai na upitie upya ufufuaji wa mtu ambaye moyo wake umesimama: kwa mtu mzima ni mibano 30 ya kifua kwa pumzi 2, kasi ya mibano 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Pitia pia sukari inaposhuka. Chini ya 4 kwenye mashine inayosoma kwa milimoli, mgonjwa akiwa anaweza kumeza, ni gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka na kumpima tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, hapewi chochote mdomoni. Haya huulizwa sana kwenye makao ya wazee.

Huenda machozi yakakutoka ukimtaja mama. Hakuna jopo lenye utu litakalokuhesabia hilo. Simulia sehemu hiyo mara nyingi nyumbani ili sauti ikubebe mpaka mwisho wa sentensi. Ikikatika, kunywa maji, endelea.

Kuna swali jingine huko unakokwenda ambalo huwaangusha watu wazuri, tena kwa sababu ya huruma yao. "Mzee anakuambia mhudumu wa usiku humfinya na kumtukana, lakini anakusihi usimwambie mtu. Utafanya nini?" Wengi huahidi siri, au huapa watamkabili huyo mhudumu. Yote mawili hapana. Utamsikiliza bila haraka, utamwambia kwa upole kwamba umemsikia na umemwamini, na kwamba jambo hili huwezi kulibeba peke yako kwa sababu usalama wake na wa wenzake unategemea kulisema. Utahakikisha yuko salama usiku huo. Utaandika maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyapamba, pamoja na alama yoyote uliyoiona na mahali ilipo. Utampelekea msimamizi siku hiyo hiyo, na kama mtuhumiwa ndiye msimamizi, utapanda ngazi ya juu yake. Hutachunguza mwenyewe. Mzee aliyekuambia hivyo pengine amekaa wiki nzima akipima ni nani wa kumwambia, akakuchagua wewe.

Na kwenye kila hadithi utakayoisimulia, mfiche mgonjwa. Nimeona mwombaji mwenye uwezo mkubwa akitaja jina, mtaa na kazi ya mtoto wa mgonjwa, na sote watatu tukaweka kalamu chini. Sema "mzee mmoja", inatosha.

Sasa, uombe usaidizi badala ya uuguzi? Sikukatazi. Una faida ndani yake: ushindani huenda ukawa mdogo, utazoea tena harufu na mwendo wa zamu, na utapata mtu wa kukudhamini mwenye kumbukumbu mpya juu yako. Lakini pima gharama. Mshahara ni mdogo kwa kazi nzito ya mwili. Msaidizi ana mipaka yake, hagusi mambo mengi unayoyajua, na utaumia siku utakapoona kitu na huruhusiwi kukifanya. Baadhi ya mabaraza ya wauguzi pia hudai saa za kazi za uuguzi wenyewe ili kuhuisha leseni, na saa za usaidizi huenda zisihesabiwe. Mimi ningefanya usaili huu kama muuguzi kwanza. Wakikukatalia, waombe wakuambie alama zilipotea wapi, wengi wataeleza. Ukiona hata hivyo mikono inasita, chukua usaidizi kwa miezi michache ukiwa na tarehe ya kutoka uliyoiandika.

Mambo mawili usiyamalize kwa kusoma barua yangu. Kama leseni imekwisha muda, nenda mwenyewe ofisi ya baraza la wauguzi ukaulize kama unatakiwa mafunzo ya kurejea kazini, usitegemee ya kuambiwa. La pili ni hofu yako. Kama ni ya chumba kile tu, mazoezi yatakusaidia. Kama hulali kwa wiki kadhaa, moyo unakwenda mbio hata ukiwa jikoni peke yako, au huzuni ya mama bado inakukalisha kitandani mchana, muone daktari au mshauri nasaha ana kwa ana, kabla ya usaili ikiwezekana. Umeuguza miaka minne bila zamu ya kupokewa. Mwili unadai.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Uliza usiku huwa mpo wauguzi wangapi na wazee wangapi, na mgeni hufuatana na mwenyeji kwa zamu ngapi kabla ya kuachwa peke yake. Sikiliza jibu kwa makini, maana na wewe unawachagua. Leo jioni anza na lile tukio la kosa. Lisimulie kwa sauti mara tatu, nili, nika, nika, na yule wa "Halafu?" awe ameketi mbele yako.